Tundu la Vidole Viwili

Kabla ya theluji, Norphel huziba.
Ndiyo kazi yake huko Ladakh, milimani:
udongo, makapi ya shayiri, maji ya moto,
maana ya baridi yamekwisha kuwa jiwe.
Akapaka nyumba hii, akapaka ile,
hata akafika ghala la Yangdol,
na Yangdol akamwambia: hapo acha.

Hapo wapi?
Hapo. Tundu la vidole viwili.

Na upepo je? akauliza fundi.
Upepo nao una vidole viwili.

Tundu lina mwenyewe.

Urefu wake ni kiganja mpaka kiwiko,
mkia uuhesabu mbali.
Uzito wake ni kikombe cha chai,
pamoja na chai.
Kiangazi huvaa kijivu cha mawe, usimwone
mpaka jiwe likimbie.
Baridi ikikaza, mgongo wake hugeuka
rangi ya siagi ya yaki iliyokaa sana chomboni,
tumbo likafifia kama maziwa yaliyotiwa maji,
na nyayo zikawa nyeupe
kana kwamba ametoka kukanyaga unga.
Ncha ya mkia haina weusi.
Hapo ndipo utamtenga na binamu yake.

Kwetu wenzake huitwa kicheche,
jina ambalo ukimtupia mtu mtagombana.
Yeye hana habari. Anapanda ukuta.

Ng'ambo ya kijito, penye kokoto,
anaishi mnyama mnene asiye na mkia,
masikio mviringo kama vifungo vya koti.
Wasomi humwita pika. Hapiki.
Hukata nyasi, huanika, hurundika,
hujiwekea akiba ya miezi ya giza,
hesabu yake yote sawa,
ila mlango.
Mlangoni huingia yule mwembamba, bila hodi,
akamla mwenye nyumba
akalala juu ya nyasi zake.

Humo jike huzaa, watano, sita,
vipofu, hawajazidi kidole,
ndani ya joto la akiba ya marehemu.

Sisemi ni mwema.
Mwaka juzi aliua vifaranga tisa vya Dolkar
usiku mmoja, akala kimoja,
na harufu aliyoiacha bandani
ilikaa kuliko msiba.
Dolkar mpaka leo hapiti upande huu wa ukuta.

Lakini Yangdol anaukumbuka mwaka
alioziba kila mahali, akajipongeza.
Panya walikula magunia mawili ya shayiri.
Walipomaliza wakaanza soksi.

Januari, alfajiri, na kurunzi mdomoni
na kopo la unga mkononi,
akamkuta.
Amesimama kwa miguu ya nyuma, wima,
panya kinywani kichwa kikubwa kuliko chake.
Wakatazamana.
Kurunzi ikatetemeka kwa meno ya mwanamke.
Kicheche hakutetemeka.

Kisha akageuka, akaingia tunduni
kama uzi unavyoingia sindanoni,
lakini panya, aliyenenepa kwa shayiri ya humo humo,
akakwama.
Akavutwa, akakwama. Miguu nje, mkia nje,
akavutwa tena.
Upande wa pili mkoromo mdogo wa hasira.

Yangdol akaweka kopo chini.
Akatazama mlangoni, kama kuna anayemwona.
Akavua glavu,
akamsukuma panya kwa kidole cha shahada,
polepole, kama mtu anayepitisha barua,
mpaka upande wa pili
kitu kikapokea.

Tundu likabaki tundu.
Baridi ikaingia, ikamgusa kidole kilekile.

Vuli ikarudi, na Norphel na ndoo yake,
udongo ukifuka moshi, akipaka, akipaka,
akafika pale.
Vidole viwili, akasema, kama kawaida?

Yangdol hakujibu.
Alinyoosha mkono, akamwonyesha
vitatu.